Chucao wa Upande wa Kulia

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti karibu na jiko. Kama kuni zenu ni mbichi na moshi unawatoa machozi, basi leo ni siku nzuri ya kuwa na kuni mbichi. Hakuna atakayewauliza mnalia nini.

Leo tunamkumbuka Nolfa Naguil wa Pilhueco ya juu. Nolfa ndiye aliyekuwa akitutembeza msituni Jumapili za baridi, kutazama maua, uyoga na ndege, wakati watu wenye akili zao wamejifunika blanketi. Nolfa amefariki. Tumemzika Alhamisi, mvua ikinyesha. Narudia kwa aliyefungua redio sasa hivi: Mama Nolfa Naguil, mjane wa marehemu Eleodoro Barría, dada yake Ercira, amefariki, na Alhamisi tumemzika.

Wengi mlikuwepo. Mliona jeneza lilivyogeuzwa katikati ya njia. Wengine mlinung'unika, na tangu Ijumaa simu ya hapa redioni haijapumzika. Mnauliza, tangu lini maiti wa Pilhueco akapelekwa makaburini kichwa kikitangulia? Mnauliza, nani alimruhusu Ercira? Basi nisikilizeni hadi mwisho. Ercira mwenyewe ameniruhusu. Aliniambia, "Sema yote, mwanangu. Ila usinifanye mtakatifu, majirani watacheka."

Nolfa alizaliwa kwenye kambi ya wapasua mbao, huko juu ambako siku hizi ni misonobari mitupu. Shule aliiona kwa mbali. Alitumwa kuni tangu akiwa mdogo, na kuni ndizo zilizomfundisha msitu. Alijua gogo lipi linaota uyoga wa kula na lipi linaota uyoga wa kumlaza mtu kitandani. Alijua kichaka kipi kina ndege gani.

Baba yake alikuwa mpasua mbao hodari, tena mtu wa mizaha. Asubuhi moja alitoka na msumeno begani, na chucao akalia upande wake wa kushoto.

Sheria mnaijua. Nairudia kwa ajili ya wageni waliohamia kule barabara kuu. Chucao ni ndege mdogo mwenye kifua chekundu, mkia ameusimamisha kama mkono wa kikombe. Anaishi chini vichakani. Haonekani, ila sauti yake inakutikisa tumbo. Ukiwa safarini akalia upande wako wa kulia, nenda, njia ni nyeupe. Akilia upande wako wa kushoto, rudi nyumbani. Wa kulia, nenda. Wa kushoto, rudi.

Baba yake Nolfa hakurudi. Alisema ndege si msimamizi wa kambi, akacheka, akaenda. Mchana wenzake walimleta amelazwa juu ya ubao. Gogo lilikuwa limebiringika. Nolfa alikuwa mtoni akifua, na kitu cha kwanza alichokiona ni buti la baba yake likining'inia pembeni ya ubao, kamba zimefunguka.

Tangu siku ile Nolfa hakumpita chucao wa kushoto. Hakumpita akiwa na njaa, hakumpita akiwa na haraka. Hata siku ya harusi yake alirudi nyumbani. Ndiyo, wasikilizaji. Eleodoro alibaki amesimama kanisani na suti ya kuazima, mikono ya koti ikimfika kwenye vidole, padre akitazama mlango. Wakafunga ndoa Jumapili iliyofuata, na suti ilibidi iazimwe upya kwa mtu mwingine, maana mwenye ile ya kwanza alikuwa na ubatizo.

"Kuna mwanamume aliyeachwa kwa sababu ya mwanamume mwenzake," Eleodoro alikuwa akisema. "Mimi niliachwa kwa sababu ya ndege."

Na walikutanaje hao wawili? Eleodoro alikuwa mwenye mkokoteni wa ng'ombe. Majira fulani ya baridi mkokoteni wake ulizama kwenye tope kule kijitoni, chini ya mti mkubwa wa coigüe uliolala. Alikuwa akipiga kelele, akivuta, akisukuma. Akasikia mtu anacheka vichakani. Ni msichana, na kikapu chake kimejaa changle.

"Unacheka nini wewe?"

"Nawacheka ng'ombe."

"Ng'ombe wamefanya nini?"

"Wao walijua kwamba hapa hapapitiki. Walijaribu kukwambia."

Changle ni ule uyoga wa njano wenye matawi kama matumbawe. Siku ile waliukaanga pale pale kwenye kifuniko cha sufuria ya Eleodoro, kwa mafuta ya nguruwe na chumvi, wakisubiri mtu mwenye ng'ombe wengine. Eleodoro alisema maisha yake yote kwamba hajala kitu kama kile. Kule kijitoni, chini ya coigüe iliyolala. Pakumbukeni hapo, tutaparudia.

Sasa matembezi. Wengi mnadhani yalianza kwa mpango. Hapana. Yalianza kwa ugomvi. Majira fulani ya baridi mto ulikata barabara, watu wakafungiwa nyumbani, na kila jiko likawa na kesi yake. Mama na mkwe hawasemezani, ndugu wamegawana hata chumvi. Nolfa alipita nyumba kwa nyumba na poncho yake kichwani.

"Vaeni mabuti," akawaambia wanawake. "Kama ni kununa, tukanune nje."

Wakaenda. Wakarudi na matope hadi kiunoni, wanacheka. Jumapili iliyofuata wakaja na waume zao.

Kutembea na Nolfa hakukuwa kutembea hasa. Kulikuwa kusimama. "Acheni kutafuta," alikuwa akisema. "Mkitafuta mnapiga kelele kwa macho." Mtasimama pale mvua inadondoka shingoni, mpaka msitu uwasahau. Ndipo unaona. Pale miguuni kuna uyoga wa bluu, mdogo kama kichwa cha pini, ambao ulikuwa karibu kuukanyaga. Pale juu ua la copihue limening'inia peke yake, jekundu, la mwisho wa msimu, na ndege kolibri ameliingizia mdomo. Agosti ikikaribia atakusimamisha akwambie uvute pumzi, na utasikia harufu tamu ya chin-chin kabla hujaliona ua lenyewe, maana ua lake ni dogo kuliko harufu yake. Ukiinua jani kutazama kilicho chini, unalirudisha. Na ua halikatwi. Mzee Belarmino, jirani yake, aliwahi kukata copihue akaichomeka kofiani. Nolfa alimrudisha nyumbani.

"Kwa ua moja tu, dada Nolfa?"

"Kwani mmea wenyewe ulikuwa na mangapi? Nenda."

Na kulikuwa na sheria moja juu ya zote. Anayetangulia ndiye anayemsikiliza chucao. Njia zetu zinapinda. Anayekuja nyuma anaweza kumsikia ndege yule yule upande mwingine. Kwa hiyo anayesikia ni mmoja, yule wa mbele. Wengine wananyamaza. Na wa mbele alikuwa Nolfa. Akisema wa kulia, tunakwenda. Akisema wa kushoto, tunageuka, hata kama tumetoka getini sasa hivi.

Siku moja, pale getini, alisema wa kushoto, na sisi sote tulikuwa tumekwisha kulowa. Belarmino akasema, "Dada Nolfa, si ugeuke tu? Ukigeuka, kushoto kwako kunakuwa kulia. Tembea kinyumenyume, sisi tutakushika usianguke."

Watu wakacheka. Nolfa naye akacheka. Kisha akasema, "Ndege hadanganywi, Belarmino," na wote wakarudi kunywa ile chai yetu ya mate.

Wasikilizaji wapendwa, mambo yalianza kuharibika pale Eleodoro alipougua kifua. Mapafu yake yalikuwa yamechoka. Alikaa kwenye kiti karibu na dirisha, blanketi magotini, na baridi ilipoingia akaomba kitu kimoja.

"Nolfa. Changle. Lakini za kule kijitoni."

"Jumapili nitakuletea."

Jumapili Nolfa alitoka, watu wa matembezi nyuma yake. Alipofika kwenye kona ya mianzi, kabla ya daraja la mbao, chucao akalia. Kushoto. Nolfa akarudi.

"Amekataa?" Eleodoro akauliza.

"Amekataa."

"Mwambie nina njaa."

Jumapili nyingine akatoka tena. Kushoto. Akatoka katikati ya wiki, peke yake, asubuhi na mapema. Kushoto. Akajaribu kupitia kwa akina Mansilla, kwenye malisho. Kushoto. Hata yule ndege wa mbali, wa ng'ambo ya mto, alikuwa kushoto.

Belarmino alimhurumia. Alikwenda mjini, akaja na changle za sokoni, fungu zima ndani ya gazeti. Eleodoro alikula kidogo, akafuta mdomo. "Asante, jirani. Hizi zimesafiri kuliko mimi." Na sahani akaisukuma polepole.

Mtaniuliza, kwa nini Nolfa hakupita tu? Ni ndege. Ni uyoga. Lakini Nolfa aliona buti la baba yake likining'inia. Na safari hii hakuwa akijiogopea mwenyewe. Alimwambia dada yake kwenye simu, naye Ercira wakati huo alikuwa bado mpishi kule mjini Osorno, "Nikipita, si mimi nitakayelipa. Aliye dhaifu nyumbani ndiye atakayelipa." Kila alipogeuka pale kwenye kona, Nolfa aliamini amemnunulia mumewe wiki moja zaidi.

Yale majira yote ya baridi matembezi yetu hayakuvuka kona ya mianzi. Wa kushoto, turudi. Wa kushoto, turudi. Watu wakaanza kubaki nyumbani. Wakasema Mama Nolfa amezeeka. Wengine wakasema msitu umemchoka. Maneno hayo yalimfikia. Yeye mwenyewe alikuwa ameanza kuyaamini.

Eleodoro alifariki mwishoni mwa Agosti, kabla ya chakula cha mchana. Hakupata changle za kijitoni. Nasema tena, maana hili ndilo lililomla Nolfa: aliomba kitu kimoja, na hakukipata.

Baada ya mazishi Ercira aliacha kazi akaja kukaa na dada yake. Ercira mnamjua. Mdogo wake Nolfa, mtu wa mjini, hapendi tope, hapendi uyoga, anasema uyoga una ladha ya soksi. Lakini hakutaka dada yake atoke peke yake. Baridi iliyofuata, mwezi wa Juni, alivaa mabuti ya marehemu shemeji yake, akajaza magazeti ndani mbele ili yasimtoke, akamfuata Nolfa.

Walipofika kona ya mianzi, chucao akalia.

"Kushoto," Nolfa akasema. "Turudi."

"Kushoto wapi?"

"Hujasikia?"

"Nimesikia. Amelia hapa, kwenye sikio langu hili." Ercira akajipiga sikio la kulia. "Karibu aniingie shingoni."

"Ercira, usinitanie."

"Nikutanie kwenye mvua hii? Kama ni utani si ningekutania nyumbani kwenye moto?"

Nolfa alikasirika. Alisema kwamba watu wa mjini hawajui hata mkono wanaolia chakula. Wakarudi.

Jioni Nolfa alikuwa akikanda unga wa sopaipilla, yale maandazi ya siku za mvua. Ercira alikuwa amesimama upande wake wa kulia, akikata kitunguu. Alikuwa akimtazama dada yake. Alikuwa ameona vitu vidogo vidogo tangu aje. Nolfa akiitwa anageuza kichwa kama kuku. Nolfa anapenda kukaa ukutani, watu wote wakiwa upande mmoja. Alikumbuka pia Eleodoro alivyokuwa akilalamika kwenye simu, "Dada yako ananipuuza, namwita mpaka nakohoa."

Ercira akasema kwa sauti ya chini, "Dada, sketi yako inaungua."

Nolfa akaendelea kukanda.

"Dada, kuku wote wameingia jikoni na wanacheza."

Nolfa akaendelea kukanda.

Ercira akaweka kisu chini. Akazunguka nyuma yake, akasimama upande wa kushoto, akasema kwa sauti ile ile, "Dada."

"Nini?" Nolfa akasema. "Unanizungukia nini kama paka?"

Wasikilizaji wapendwa, sikio la kulia la Nolfa lilikuwa limekufa. Lilikufa taratibu, bila kuuma, naye hakujua. Aliona tu kwamba watu siku hizi wanaongea kwa kumumunya. Na mtu mwenye sikio moja, kila sauti humjia kupitia lile zima. Kila mlango unagongwa upande huo. Kila mbwa anabweka upande huo. Kila ndege. Kwa Nolfa chucao wote wa msitu huu walikuwa kushoto, hata aliyekuwa amekaa kwenye bega lake la kulia.

Ercira alimwambia pale pale, kwa sikio la kushoto. Nolfa hakubisha. Alisimama na unga mikononi. Kisha akauliza:

"Kwa hiyo alikuwa kulia?"

"Huyu wa leo, ndiyo. Wale wengine sijui, dada. Sikuwepo."

"Yule wa kwanza. Jumapili ile ya kwanza. Kulikuwa na nani nyuma yangu?"

Kulikuwa na Belarmino. Wakamwita. Akaja, akavua kofia, akaulizwa. Mzee Belarmino, ambaye hakosi jibu, aliizungusha kofia mikononi.

"Mimi nilimsikia kulia," alisema mwishoni. "Lakini wewe ndiye wa mbele, dada Nolfa. Nani angekubishia wewe habari za ndege? Nilidhani kwamba mimi ndiye nimekosea."

Nolfa aliketi. Ercira anasema hakulia. Aliyatazama mabuti ya Eleodoro yaliyokuwa yakikauka kando ya jiko. "Alikuwa akisubiri," akasema. "Na mlango ulikuwa wazi."

Asubuhi yake walikwenda. Mvua ilikuwa ya kuja ubavuni. Kwenye kona ya mianzi chucao akalia, na Nolfa hakuuliza ni wapi. Alipita. Alivuka daraja la mbao amemshika Ercira poncho. Kule kijitoni coigüe ile ilikuwa imeoza, imekuwa laini kama mkate uliolowa, na chini yake changle zilikuwepo. Nyingi, za njano, safi, kama zilizokuwa zikisubiri kuulizwa. Nolfa alichuma chache. Nyingine akazifunika kwa majani.

Nyumbani alizikaanga kwa mafuta ya nguruwe na chumvi. Akaweka sahani mezani. Akachukua uma, akauinua, akaushusha.

"Kula wewe," akamwambia mdogo wake. "Mimi hazipiti kooni."

Ercira, anayesema kwamba uyoga una ladha ya soksi, alikula sahani nzima mpaka akaifuta kwa mkate. Nilimuuliza zilikuwaje. Akasema, "Sijui. Nilikuwa namtazama dada."

Nolfa hakutaka kututembeza tena. Alisema mtu asiyesikia hawezi kutangulia. Ni Ercira aliyekataa. Aliahidi kutembea naye, upande wake wa kulia, ameshika mkono wa sweta yake. Chucao akilia kulia, atauvuta mkono huo. Akilia kushoto, atamgusa mgongoni na watarudi. Na ndivyo ilivyokuwa. Miaka yake ya mwisho mliwaona wakitangulia pamoja, mmoja mrefu, mmoja mfupi, kama ng'ombe wawili kwenye nira moja. Wanawake walirudi. Waume walirudi. Tulifika tena mpaka kijitoni, na Nolfa alitusimamisha kwenye mvua kama zamani, tukautazama uyoga wa bluu mpaka pua zikawa bluu pia.

Hapa kuna jambo ambalo Ercira hakulisema kwa mtu mpaka wiki hii. Nilimuuliza mara mbili, kuhakikisha kwamba nimeelewa.

"Siku nyingine chucao alilia kushoto," akaniambia. "Kushoto kabisa, hata kiziwi angejua. Nami nikavuta mkono wa kulia."

"Ulimdanganya?"

"Nilimvuta mkono. Yeye akaenda. Alikuwa ameshageuka vya kutosha, mwanangu."

"Na hakujua?"

Ercira alicheka, kisha akafuta macho kwa aproni. Siku moja walikuwa wakirudi, akasema, Nolfa alimtazama kwa pembe ya jicho. "Ndege wa huku siku hizi wana adabu sana," Nolfa alisema. "Hawalii kushoto hata mara moja." Na akaendelea kutembea. Na Jumapili iliyofuata akampa mdogo wake mkono ule ule wa sweta.

Nolfa alifariki Jumanne, kitini, karibu na dirisha. Mabuti yake yalikuwa bado na tope bichi la Jumapili. Ercira alikuwa amekwenda kuleta kuni. Alimwita kutoka mlangoni, kwa upande wa kushoto, upande unaosikia. Hakuitika.

Na sasa Alhamisi. Waliobeba walikuwa Belarmino na wapwa zake. Kando yao alikuwa Mzee Abelino, kiongozi wetu wa sala. Jeneza lilikwenda kama wanavyokwenda wafu wote wa hapa, miguu mbele, kana kwamba mtu anatoka kwa miguu yake mwenyewe. Njia ya makaburini inapita kwenye ile kona ya mianzi. Na tulipofika pale, chucao akalia.

Kushoto.

Wote tulimsikia. Njia pale imenyooka, hakuna cha kusingizia. Akalia tena, kushoto. Waliobeba wakasimama. Nyuma wote wakasimama. Mvua ilikuwa ikipiga ubao wa jeneza, na hakuna aliyetaka kuinua mguu. Maana tungefanyaje? Aliyekuwa mbele yetu alikuwa Nolfa. Nolfa hajawahi kumpita chucao wa kushoto kwa hiari yake. Na maiti harudishwi nyumbani.

Mzee Abelino akasema, "Jamani, tuendelee. Mungu yuko kila upande."

Hakuna aliyeendelea.

Ercira alikuwa ameshika pembe ya kitambaa cha jeneza. Akasema, "Mgeuzeni."

"Unasemaje, mama?" Mzee Abelino akauliza.

"Mgeuzeni dada yangu. Kichwa kitangulie. Akilala hivyo, ndege atakuwa kulia kwake."

"Mama Ercira, hilo halijawahi kufanyika. Miguu ndiyo inayotangulia."

"Basi leo atatembea kinyumenyume," Ercira akasema. "Sisi tutamshika asianguke."

Belarmino aliposikia maneno hayo uso ulimkunjamana. Yalikuwa maneno yake mwenyewe, ya mzaha, ya siku ile getini. Yeye ndiye aliyeanza kugeuka. Wapwa wakamfuata, hatua kwa hatua, matope yakiwavuta mabuti, mpaka jeneza likazunguka lote na kichwa cha Nolfa kikaelekea makaburini. Mzee Abelino alitazama mbingu, akatazama jeneza, akafunga kitabu chake chini ya poncho. "Haya," akasema. "Kichwa mbele."

Tukasubiri. Msitu ulinyamaza muda mrefu, vile Nolfa alivyokuwa akitufundisha kusubiri. Kisha chucao akalia. Hakuwa amehama. Alikuwa pale pale kichakani. Lakini sasa alikuwa upande wa kulia wa Nolfa, upande wa sikio lililokufa. Alilia upande wa kulia, nasi tukaanza kulia, na jeneza likaenda.

Wasikilizaji wapendwa, hivyo ndivyo ilivyokuwa. Aliyetaka kukasirika akasirike, lakini akasirike akijua.

Kwa Mama Ercira Naguil, kwa ukoo wote wa Naguil na wa Barría, kwa mzee Belarmino na wote waliotembea nyuma ya Nolfa, sisi wa redio tunatoa pole. Pole sana, mama. Nyumba ni kubwa sasa, tunajua. Tutapita, tutabisha hodi.

Na sisi tuliobaki tukae na jambo moja. Yule anayegeuka mbele yenu kila mara, mkasema amezeeka, mkasema amechoka, msogeleeni kwanza. Simameni upande wake wa pili. Semeni neno kwa sauti ya chini, muone kama anasikia. Na kama ninyi mnasikia kitu tofauti na wa mbele, semeni, hata kama yeye ndiye anayejua ndege.

Nilipokuwa nikiondoka kwa Ercira, alinisindikiza mpaka getini. Nilimuuliza alifanya nini pale jeneza lilipoanza kwenda tena, maana nilimwona ameinama. Alisema alihamia upande wa kulia wa dada yake, akashika kitambaa, akakivuta kidogo, kama mkono wa sweta.

"Na safari hii," akaniambia, "sikumdanganya."